Mikate ya Elizabeti

Siku ya sikukuu ya watakatifu, Dieudonné alirudishwa getini kwa sababu ya kambambili.

Alikuwa na miaka saba. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi ya makaa mpaka kola ikasimama, suruali nyeusi ilikuwa ya kuazima kwa jirani, na kifuani alikuwa na msalaba wa vijiti alioufunga mwenyewe kwa uzi. Siku hiyo kila mtoto alitakiwa avae kama mtakatifu mmoja, na yeye alikuwa Dominiko Savio. Lakini miguuni alivaa kambambili za bluu, na Jérémie, mlinzi wa shule, alikuwa ameambiwa na masera, watawa wa kike wenye shule, kwamba mtoto asiye na viatu vya kufunga asivuke geti, maana wageni walikuwa wanakuja na kamera.

"We rudia nyumbani," Jérémie akamwambia.

"Nyumbani hakuna mutu. Mama iko ku soko."

"Basi kaa pale na wenzako."

Wenzake walikuwa wamekaa ukingoni mwa mtaro, nje ya wavu wa shule. Kulikuwa na Kizito aliyekosa kanzu nyekundu, kulikuwa na Bakhita aliyejifunga shuka la kitanda lenye picha za magari, na wengine ambao hawakuwa watakatifu wowote, walikuja tu na unifomu zao za kila siku wakafikiri zingetosha. Dieudonné aliwatazama, kisha akamrudia mlinzi.

"Mutakatifu Fransisko hakukuwa na viatu. Madame Chanelle ametufundisha."

"Fransisko hakusoma hapa," Jérémie akasema. Akacheka, kwa sababu lilikuwa jibu zuri. Halafu akaona yule mtoto anavyojitazama vidole vya miguu, akaacha kucheka, akaenda kulifungulia gari.

Ndani ya uwanja, dada yake Benite aliyaona yote hayo. Yeye aliingia. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, yuko darasa la sita, na nguo yake ilikuwa nzuri kuliko zote.

*

Nguo hiyo ilikuwa pazia.

Mama yao, Odette, aliyekuwa anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Jabe, alikuwa amelipata pazia lile la bluu kwenye marundo ya mitumba, akampelekea Mzee Massoudi, fundi cherehani anayekaa upande wa pili wa ua wao. Mzee Massoudi alilipindua pazia, akalinusa, akavaa miwani.

"Huyu ni nani tunamushonea?"

"Elizabeti. Alikuwa mamalkia," Benite akasema. "Alikuwa anaiba mikate ya nyumbani kwake anapelekea maskini. Bwana yake akamukuta, akamuuliza, unabeba nini? Akasema, ni maua. Akafungua aproni. Ikakuwa maua ya kweli."

"Subhanallah," akasema Mzee Massoudi. "Na bwana yake hakumupiga?"

"Alipiga magoti."

"Ule alikuwa bwana muzuri. Bibi yangu Khadidja, akisema ni maua, mi nanusa kwanza." Akachukua chaki yake. "Simama, mamalkia. Inua mikono. Wallahi, katika maisha yangu nimeshonea wenye kuenda Maka, nimeshonea maharusi, leo nashonea mutakatifu wa Roma."

Alishona gauni, na kwenye mabaki ya chandarua akatoa aproni nyeupe pana, yenye mfuko mbele kama tumbo la kanga. Hakutaka kitu. Odette alimpelekea bakuli la ndagala, akalipokea ili asimwaibishe.

Pazia lilitosha mtoto mmoja. Viatu havikutosha hata mmoja, lakini gauni la Benite lilikuwa refu, likafunika. Dieudonné alipouliza kuhusu vyake, Odette alimwambia, "We ni mwanaume, na Dominiko Savio hana mambo mengi. Shati tu." Alisema hivyo akijua si kweli, kwa sababu masera walikuwa wametangaza viatu Jumapili mbele ya kanisa lote.

*

Madame Chanelle, mwalimu wa dini, alikuwa amewafundisha watoto wiki tatu. Alikuwa msichana mwenye moyo, na maneno aliyowaambia yalikuwa mazuri. "Musivae mutakatifu kama nguo," aliwaambia. "Nguo mutaivua saa sita. Mumuige. Ukimuona mwenye njaa, uliza, mutakatifu wangu angefanya nini? Na wewe ufanye." Watoto wengine waliandika. Benite hakuandika, aliweka kichwani.

Asubuhi ile wageni walifika, wazungu wawili na mabwana wa parokia, wale waliokuwa wanataka kuisaidia shule kupata paa jipya. Masera Irène, direktrisi, yaani mkuu wa shule, aliwapitisha mbele ya mistari ya watoto. Mpiga picha alimsimamisha Benite peke yake kwenye ngazi za kikanisa, akamjazia aproni maua ya plastiki kutoka kabati la sakristia, akamwambia atazame juu. Alitazama juu. Kisha igizo likachezwa, mtoto aliyekuwa bwana wa Elizabeti akauliza swali lake, maua ya plastiki yakaanguka, watu wakapiga makofi. Masera Irène akashika kipaza sauti. "Hapa kwetu," akasema kwa Kifaransa, "hatufundishi watoto kusoma tu. Tunawafundisha kufuata nyayo za watakatifu."

Baada ya hapo maua yalirudishwa kabatini na watoto wakaambiwa wakae kivulini wangoje Fanta. Benite hakukaa. Kutoka pale kivulini aliuona wavu, na nyuma ya wavu alimwona Dieudonné. Jua lilikuwa limewafikia kwenye mtaro. Bakhita alikuwa amejifunika kichwa na magari yake. Dieudonné alikuwa anatafuna uzi wa msalaba wake.

Meza ya wageni ilikuwa imeandaliwa ukumbini, imefunikwa vitambaa. Benite aliingia kwa mlango wa nyuma, akafunua. Mikate midogo bado ilikuwa na joto. Aliichukua akaweka ndani ya aproni, akaongeza sambusa, kwa sababu Dieudonné anapenda sambusa, akatoka akiwa ameshika aproni kwa mikono miwili. Hakukimbia. Elizabeti hakuwahi kukimbia.

Katikati ya uwanja alikutana na Masera Irène, anawaleta wageni kula.

"Benite. Umebeba nini?"

Mtoto mwingine angetetemeka. Benite hakutetemeka, kwa sababu lile swali alilijua, na jibu lake alilijua, na kilichokuwa kinafuata alikijua pia.

"Ni maua, Masera," akasema. Akaachia aproni, na macho yake yalikuwa juu, hayakuwa chini.

Mikate ikaanguka. Sambusa moja ikabiringika mpaka kwenye kiatu cha mgeni. Yule mzungu akafikiri igizo bado linaendelea, akapiga makofi, akacheka. Masera Irène akacheka naye, akawaongoza wageni ukumbini, akafunga mlango. Kisha akarudi.

Benite alikuwa bado amesimama palepale, anaitazama mikate chini. Uso wake haukuwa wa mwizi aliyekamatwa. Ulikuwa wa mtu aliyeahidiwa kitu kikakosekana. Masera Irène hakuuangalia. Alimshika sikio.

*

Odette aliitwa kutoka sokoni. Alikuja mbio, harufu ya ndagala ikiwa bado mikononi, na getini Jérémie akamwambia, "Mama Benite, pitia upande wa jikoni, wageni hawajaenda." Akapitia upande wa jikoni. Ofisini palikuwa na kiti cha godoro na kiti cha plastiki. Alipotaka kukaa, Masera Irène akamsogezea cha plastiki, halafu akainuka, akafungua dirisha, akarudi kukaa. Odette akaficha mikono chini ya kitenge.

"Mutoto wako ni mwizi," Masera akasema. "Hiyo tungeweza kuisamehe, watoto wana njaa. Lakini alinidanganya usoni, mbele ya wageni. Na alitumia jina la mtakatifu kwa kudanganya. Unaelewa ubaya wake?"

"Naelewa, Masera."

"Uliwahi kumufundisha uongo nyumbani?"

"Apana, Masera."

"Kuuza sokoni kunataka uongo kidogo, siyo? Unasema ndagala ni za leo na ni za jana."

Ndagala zake Odette huzifuata ziwani Ruziba mwenyewe alfajiri, kila siku zinakuwa za leo. Alitaka kusema hivyo, lakini alipofikiria kwamba watoto wake wawili wako mikononi mwa mwanamke huyu, akameza.

"Na Dieudonné?" aliuliza badala yake. "Nimemukuta inje ku jua. Hajakula tangu asubui."

"Tulitangaza viatu. Tungefungulia mmoja, wote wangeingia vilevile, na shule ingeonekana nini mbele ya watu wanaotaka kutusaidia? Mi natafuta paa, Mama Benite. Paa la watoto wako."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalochoma. Mvua ilipokuwa inavuja darasani ni yeye aliyekuwa anashika ndoo. Lakini alikuwa amelitazama paa muda mrefu hata hakuwaona tena watoto waliokuwa wanapaswa kukaa chini yake.

"Nisikilize," akasema. "Jumatatu, baada ya kupandisha bendera, Benite atasimama mbele ya shule yote, karibu na sanamu ya Bikira, na atasema: mimi ni mwizi na muongo, naomba samahani. Akisema, tunasahau. Asiposema, utatafuta shule nyingine, yeye na mdogo wake."

Shule nyingine ilikuwa ile ya serikali ng'ambo ya barabara, ambako watoto wanakaa wanne kwenye benchi moja na wanapokezana kitabu kimoja mpaka kinachanika. Na Benite alikuwa darasa la sita, mwaka wa mtihani.

"Atasema," Odette akajibu. "Asante, Masera."

Alipotoka, alikuta mikate iliyoanguka imekusanywa kwenye ndoo, kwa ajili ya nguruwe wa shule.

*

Nyumbani Odette alichukua fimbo ya kufukuzia paka.

"Kwa nini ulisema ni maua?"

"Sababu ilikuwa inaenda kukuwa maua."

"Benite. Usinichezeshe. We unajua mukate haugeukake maua."

"Ya Elizabeti iligeuka."

"Elizabeti alikuwa mutakatifu!"

"Madame Chanelle alisema tumuige. Alisema tufanye kama yeye. Mi nilifanya yote, Mama. Nilipeleka kwa wenye njaa. Sikukimbia. Nilisema vile alisema." Akafikiri. "Labda ilikataa sababu ya sambusa. Elizabeti hakubebaka sambusa."

Odette aliitazama fimbo mkononi mwake. Aliiweka nyuma ya mlango, akakaa kitandani, akafunika mdomo kwa kitenge, na watoto hawakujua kama anacheka ama analia. Hata yeye hakujua vizuri.

Lakini njaa ya kesho haicheki. Jumamosi na Jumapili alimsimamisha Benite katikati ya chumba. "Sema."

"Mi ni mwizi."

"Na."

Benite akamtazama Dieudonné kitandani.

"Na muongo. Sema, Benite. Ni neno tu. Utasema, litapita."

"Kama nikisema niko muongo na siko, si njo nitakuwa nimedanganya?"

"Utasema kwa sababu ya mudogo wako."

Dieudonné, kitandani, akadakia, "Mi nitasema kwa nafasi yake. Mi ni mwizi na muongo. Mi ni mwizi na muongo." Aliyaimba kama wimbo wa kuruka kamba. Mlango ulikuwa wazi, na Mzee Massoudi, aliyekuwa anatia uzi kwenye sindano, akauliza kutoka upande wa pili:

"Mama Benite, batoto unawafundisha nini huko?"

"Nawafundisha kubakia ku masomo, Mzee."

Mzee Massoudi akaacha uzi. "Haya," akasema taratibu. "Mi nilifikiri ile kitu inafundishwa na masera."

Jumapili jioni Benite akalisema neno lote. Alilisema vizuri, kwa sauti, bila kukosea. Odette alimpa kipande kikubwa cha ugali, na cha kwake mwenyewe akakirudisha sufuriani.

*

Jumatatu bendera ikapandishwa. Wazazi wachache walikuwa kwenye wavu, na Odette alikuwa kati yao na beseni lake kichwani, kwa sababu alikuwa anaenda kuuza. Benite akasimama karibu na sanamu. Unifomu yake ilikuwa imefuliwa usiku, bado ina unyevu mgongoni.

"Mimi ni mwizi," akasema. Sauti yake ilifika mpaka getini. "Nilichukua mikate na sambusa ya wageni. Naomba samahani."

"Endelea," Masera Irène akasema.

Benite alimtafuta mama yake kwa macho, akampata.

"Endelea. Mwizi na nini?"

"Sikudanganya, Masera. Nilikuwa naamini."

Watoto wakacheka, wale wakubwa wa nyuma. Madame Chanelle, aliyekuwa amesimama na darasa lake, akainamisha kichwa na akaanza kupanga mstari ambao tayari ulikuwa umenyooka. Neno moja kutoka kwake lingetosha. Angeweza kusema, mimi ndiye niliyemwambia aige. Hakusema. Alikuwa bado kwenye mwaka wa majaribio ya kazi.

"Mama Benite," Masera Irène akaita, "tulielewana nini?"

Wote wakageuka kumtazama Odette. Alishusha beseni, akaingia. Jérémie hakumzuia. Alitembea katikati ya mistari ya watoto, na watoto wengine wakaziba pua, mmoja akasema "ndagala, ndagala," na mwalimu wake hakumnyamazisha. Alipofika mbele, kila mtu alijua kwamba atamwambia mtoto amalize. Yeye mwenyewe alijua hivyo. Maneno yalikuwa mdomoni.

Lakini akamwona Benite anavyomngoja, na macho yake yako juu, yaleyale aliyofundishwa na mpiga picha.

"Masera," Odette akasema, "naomba kuuliza. Ile maua ya Elizabeti, ni kweli ao ni uongo?"

"Swali gani hilo? Ni mapokeo ya Kanisa."

"Mi sijui mapokeo. Mi ni mutu wa soko. Nauliza tu, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi mutoto aliamini kitu ya kweli, yenye mulimufundisha. Muongo iko wapi?"

Masera Irène uso wake ulikuwa umeiva. Hakuwa amezoea kuulizwa na mtu anayenuka samaki.

"Mama, usitufundishe imani hapa. Atasema ama hatasema?"

Odette aliweka mkono kwenye mgongo wa Benite, pale palipokuwa na unyevu. "Amesema ile alifanya," akajibu. "Ile hakufanya hatasema. Dieudonné, toka ku mustari. Leta mufuko ya dada yako."

Dieudonné akatoka, kambambili zake zinapiga simenti, pa, pa, pa, mpaka getini.

*

Sasa Benite anakaa benchi moja na watatu wengine, ng'ambo ya barabara. Yeye anakaa pembeni, nusu ya paja hewani. Kitabu kinamfikia Alhamisi. Mwalimu wake ana watoto mia na anamwita "we mwenye gauni," kwa sababu Benite bado hana unifomu ya huko, na jina lake mwalimu hajalishika. Odette hulala akiwaza mtihani, na kuna siku hujuta, huapa kwamba atarudi kwa Masera apige magoti. Kisha asubuhi inafika, anaenda Ruziba.

Kabla ya Noeli, shule ya masera ilitundika bango kubwa la plastiki juu ya geti, na paa jipya linaonekana nyuma yake, linang'aa. Dieudonné ndiye aliyeliona kwanza. Alirudi nyumbani mbio, amemshika dada yake mkono.

"Mama, Benite iko ku geti. Mukubwa kama nyumba."

Odette alienda na beseni kichwani. Ni kweli. Benite alikuwa pale, gauni la pazia, aproni ya chandarua imejaa maua ya plastiki, macho juu. Chini yake waliandika kwa herufi nyekundu: TUIGE MFANO WA WATAKATIFU. Mama mmoja aliyekuwa anamngoja mtoto wake alimwambia Odette, bila kumjua, "Angalia kale katoto. Unaona tu kalilelewa vizuri."

Odette alimwita mlinzi.

"Jérémie. Shusha ile picha."

"Mama Benite, si yangu."

"Ni mutoto yangu."

"Picha ni ya masera. Wameilipia." Jérémie aliangalia nyuma, kisha akaongea chini. "Unanionea bure. Mi ni mutu wa geti tu."

"Basi muandike jina yake pale. Watu wajue ni nani."

"Jina liko," Jérémie akasema, akaonyesha kidole kwenye maandishi madogo, na aliyasoma kwa shida. "Mtakatifu Elizabeti."

Odette alishusha beseni. Upande mmoja bango lilishuka mpaka usawa wa mkono, pale pindo la gauni lilipokuwa. Alishika lile pindo alilolipinda Mzee Massoudi, sasa ni plastiki tu, halafu akanyoosha mkono mpaka akaufikia mkono wa mtoto unaoshika aproni, akaufuta kama mtu anavyomfuta mtoto kabla ya kwenda kanisani. Kisha akabeba beseni lake akaenda sokoni.

Magamba ya ndagala kutoka vidoleni mwake yalibaki pale kwenye picha, yanametameta. Kesho yake Jérémie alitumwa na ndoo na sabuni. Aliosha mara mbili. Magamba yalitoka, lakini jua lilipopanda na plastiki ikapata moto, kila aliyepita chini ya geti lile alinusa samaki, na Masera Irène akaagiza dirisha la ofisi lifungwe.